Mlango Unaofungukia Ukutani

4 Februari

Mpwa wangu mpendwa, Mama Maswali,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi ni mzima, ukiacha goti la kulia ambalo siku hizi linajua habari za mvua kabla ya redio. Fundi cherehani wa chini bado anaimba akishona. Mwenye nyumba bado anateremka ngazi kumwambia anyamaze, kisha anabaki hapo hapo kusikiliza mpaka wimbo uishe. Nisalimie dada yako, na umsalimie paka.

Sasa nije kwenye jambo lililonikalisha mezani. Mama yako ameniandikia barua ndefu isiyo na nukta hata moja, na unamjua dada yangu: akikasirika, nukta ndizo huhama kwanza. Anasema umeacha kazi ya benki, kazi ya kukalia kiti kinachozunguka, ukaenda kujifunza "kunusa nyaya za watu". Ananiagiza, kama mjomba wako, nikukanye. Basi, nakukanya. Hilo limekwisha.

Sasa niambie, ni kazi gani hiyo? Watu wa zimamoto nawaelewa: moto ukiwaka, wanakuja. Wewe unakwenda kwa watu moto ukiwa haujawaka! Unamwambia nini mtu akifungua mlango? "Hodi, nimekuja kuutazama moto wako ambao bado"?

Nijibu kwa kirefu. Mtu akishastaafu usahihishaji wa vitabu, hakuna tena anayemletea maandishi yenye makosa, na mimi nayakosa makosa kama wenzangu wanavyowakosa marafiki.

Mjomba wako

2 Machi

Shikamoo Mjomba,

Sisi hatujambo. Mama mzima ila amenuna, na kununa kunampendeza. Paka amezaa ndani ya kabati, juu ya nguo za Mama za kutokea, na hakuna aliyethubutu kumhamisha, kwa hiyo Mama anatoka na kanga za nyumbani. Na habari kubwa: dada anaolewa! Tarehe saba Juni. Mchumba ni yule fundi miwani. Ni mpole, ila ukiongea naye anakutazama masikio, unajua kabisa kwamba anapima. Mama ameshachukua ukumbi wa Bwana Mataa, ule wenye taa kubwa za vioo zinazoning'inia. Utakuja, Mjomba? Nijibu bila mzaha.

Kazi yangu ni hii. Naingia kwenye jengo nikiwa na maswali matatu: kitu gani hapa kinaweza kuwaka, kitu gani kinaweza kukiwasha, na watu watatokea wapi. Kisha naandika. Wanatuita watathmini wa hatari za moto. Mwalimu wetu tunamwita Kamanda. Ni mstaafu wa zimamoto, sharubu zake ziliungua upande mmoja ujanani na zikaota upya zimepinda, basi hata akigomba unaona kama anatabasamu.

Kamanda hatuamini mpaka atufunge kitambaa machoni. "Moshi haukuulizi kama unaona," anasema. Unasimamishwa katikati ya jengo usilolijua, unafungwa kitambaa, anapiga kelele "Moto!", na wewe unapapasa ukuta mpaka utokee nje. Mara ya kwanza nilitokea choo cha wanaume pale posta. Nikasema "samahani jamani" nikiwa na kitambaa changu, na nadhani hicho kitambaa ndicho kilichoniokoa.

Ili nipate leseni, lazima nifanye tathmini moja peke yangu, kuanzia hodi mpaka sahihi. Kamanda haongezi neno. Baadaye anakwenda mwenyewe kuangalia kama nilichoandika ndicho kilichopo. Nikivurunda, narudi benki. Mama ameshanipigia pasi blauzi ya benki na kuitundika mlangoni mwa chumba changu. Nikiamka asubuhi nadhani kuna mtu.

Nimekuwekea ripoti yangu ya mazoezi, ya duka la mikate. Kamanda anasema nazungukazunguka. Nisaidie.

Mpwa wako

28 Machi

Mama Maswali,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na harufu ya nyumbani, au nimeinusa mara nyingi mno mpaka nikaanza kuzua. Mpongeze dada yako. Mwambie fundi miwani nina masikio makubwa, ajiandae. Kuhusu kuja, hapa goti lazima litoe maoni yake kwanza, na goti lina tabia ya kuchelewa kujibu.

Ripoti nimeisoma na kalamu nyekundu mkononi, kwa raha ambayo sikuwa nayo tangu nistaafu. Umeandika: "Inaonekana kwamba huenda kukawa na uwezekano wa tanuri kuwa karibu kwa kiasi fulani na magunia." Mpwa wangu! Tanuri liko karibu na magunia au haliko? Huyo mwoka mikate akisoma hapo atadhani unamtongoza. Andika: "Tanuri linagusana na magunia. Magunia yaondolewe." Aliyesoma ataweka kikombe cha chai chini na kuinuka. Hiyo ndiyo kazi ya sentensi, kumwinua mtu kwenye kiti.

Na mimi nimejaribu. Jana mchana nilijifunga skafu machoni, nikasema "Moto!" kwa sauti ya heshima, nikaanza kupapasa. Ukutani nilikutana na vitabu, vitabu, halafu vitabu. Kwenye ngazi nilipata reli ya kushikia na nikajiona bingwa. Kisha nikafungua mlango usio wenyewe na kumkalia fundi cherehani mapajani. Aliacha kuimba. Mwenye nyumba akaja mbio kuuliza kama nimepata barua mbaya. Nikamwambia nimepata nzuri sana.

Tulicheka wote watatu mpaka tukakaa chini. Nimeishi juu ya mtu huyo miaka mingi, na jana ndipo nilipojua kwamba anacheka kwa pua.

Mjomba wako

26 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Mama mzima, paka wadogo wamefumbua macho, na kabati bado ni lao. Dada alijaribu gauni, akakataa kulivua, akamenya nalo vitunguu mchana kutwa. Mama alimfunika shuka juu ya gauni na aproni juu ya shuka, akawa kama kochi linalohamishwa.

Mjomba, nimepewa tathmini yangu. Kamanda alinipa karatasi, nikaifunua, nikacheka kwa sauti: ukumbi wa Bwana Mataa! Nikasema nitamaliza kabla ya chakula cha mchana.

Bwana Mataa alinipokea kwa soda baridi. "Karibu shemeji!"

"Mimi si shemeji yako."

"Mwaka wa harusi kila mtu shemeji."

Mitungi ya kuzimia moto mipya, nyaya safi, mapazia mbali na taa. Nyuma ya jukwaa kuna mlango, na juu yake kibao cha kijani kinachowaka, MLANGO WA DHARURA, na kile kikatuni kinachokimbia. Nikajifunga kitambaa. Nikapapasa, nikaupata, nikausukuma, ukafunguka bila hata kulia. Nikapiga hatua moja kwa furaha zangu zote, nikakumbatia ukuta.

Mjomba, ni ukuta! Jirani amejenga stoo, matofali yake yameegemea pale pale.

"Bwana Mataa, hiki nini?"

"Ukuta."

"Naona. Huu mlango unatokea wapi?"

"Unatokea hapo."

"Hapo ni ukuta!"

"Lakini si umefunguka? Haukufunguka? Na taa inawaka. Yule mkaguzi wa kabla yako aliitazama taa, akafurahi, akanywa soda yake akaenda."

Njia nyingine ya kutoka ni mlango wa mbele tu, na jiko liko ubavuni mwake. Jiko likishika moto, wageni wote wataukimbia ule moto kwenda nyuma ya jukwaa, wakimfuata yule kikatuni.

Bwana Mataa akanishika kiwiko kwa upole. "Andika, sikukatazi. Ila andika baada ya harusi. Ni harusi yenu, shemeji."

Ripoti inatakiwa tarehe ishirini Mei. Nikiandika ukweli, ukumbi unafungwa, na kumbi nyingine zote za mji zimeshachukuliwa tangu mwaka unaanza. Dada atakosa harusi yake. Nikilainisha maneno, Kamanda ataufungua mlango ule mwenyewe na leseni yangu itaishia hapo. Kuna njia ya katikati: kuomba muda mpaka harusi ipite. Kamanda hutoa muda kwa mgonjwa. Nimejaribu kukohoa mbele ya kioo. Nakohoa vibaya mno, kama mtu anayeita teksi.

Mama hajui. Nishauri upesi. Na bado hujasema kama unakuja.

Mpwa wako

19 Mei

Mama Maswali,

Marahaba. Barua yako imetembea zaidi yangu. Imegongwa muhuri wa nchi nisiyowahi kufika, na imeingia leo. Imeingia pamoja na ya mama yako, kwa hiyo najua kwamba umeshamwambia. Safari hii ameandika kwa nukta, kila mahali panapostahili, na hilo ndilo lililonitisha.

Nimefikiri toka asubuhi. Nakupa ushauri wa mtu mzima: ugua. Kohoa, hata kama ni kwa kuita teksi. Omba muda, harusi ipite, kisha andika ukweli wako wote kwa sentensi fupi. Siku ya harusi simama karibu na jiko na ndoo ya mchanga, na mpishi akipasha mafuta kupita kiasi umtazame vibaya. Hutakuwa umedanganya. Utakuwa umechelewa tu. Nimeishi maisha marefu kwa kuchelewa kusema mambo, na bado nipo, nakunywa chai.

Harusi ya dada haijirudii. Ya dada yangu niliikosa, na picha yake ninayo hapa ukutani: watu wote wamesimama, na pembeni kabisa wameacha nafasi ya mtu mmoja. Mama yako hajawahi kunieleza nafasi ile, nami sijawahi kuuliza.

Kuhusu safari, goti linaendelea kushauriana.

Mjomba wako

11 Juni

Shikamoo Mjomba,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Wote wazima, paka wote wamepata wenyewe isipokuwa mmoja aliyemchagua Mama.

Nilisaini! Nilisubiri barua yako mpaka siku ya mwisho, nikimvizia mtu wa posta mpaka akaanza kupita njia nyingine. Haikuja. Basi nikakaa mezani nikaandika: "Mlango wa dharura unafungukia ukutani. Ukumbi usitumike mpaka utakapokuwa na njia ya pili ya kutokea." Nikaisoma kwa sauti. Nikasikia mwenyewe kwamba ukumbi ni ule ambao dada angekuwa amesimama ndani yake, na mkono ukasaini kabla mimi sijakubaliana nao.

Mama alikuwa amejua siku nyingi, maana nilikohoa mbele yake akaniambia, "Acha ujinga, sema kilichokupata." Nilipomwambia kwamba nimesaini hakunigombeza. Alianza kuongea nami kupitia paka. "Mwambie huyo chakula kipo mezani." Paka naye akanitazama kama kwamba ni kweli anangojea jibu.

Dada alilia muda, akajifuta na pindo la gauni, akaniuliza: "Ungeandika vingine, ungekuja kucheza kwenye harusi yangu?" Nikasema ningekuja, ila ningecheza karibu na mlango wa mbele. Akasema, "Hiyo si kucheza, hiyo ni kulinda benki." Tukacheka, tukaanza kutafuta ukumbi. Kanisa, msikiti, shule, ghala la saruji, kote kumejaa. Mchumba akajitolea duka lake la miwani. Lingetosha kwa maharusi na mashahidi, wageni wangechungulia kupitia vioo.

Ripoti nilikuwa nimeipeleka siku ile ile; nikarudi kwa Kamanda na karatasi za maombi ya leseni, na machozi yakanitoka kwenye meza yake. Akaniuliza kulikoni, nikamweleza yote. Sharubu zikapinda. "Unataka jengo lenye milango mipana kuliko yote mjini? Umekuwa ukilipita kila siku, we mtoto." Banda la magari ya zimamoto! Mkuu wa kituo ni mwanafunzi wake. Akakubali kwa sharti moja: magari yataegeshwa uani mbele ya banda, katikati ya banda ibaki njia wazi, na king'ora kikilia wenyewe wanapita, harusi au si harusi.

Tukaosha sakafu kwa mpira wa maji wa zimamoto, dada amekunja suruali mpaka magotini, anapiga mayowe kama mtoto. Bwana Mataa mwenyewe akaleta viti vyake vyote, maana havikuwa na mtu wa kuvikalia, na akaleta taa mbili za vioo kwa shingo upande. Nikamkuta anakwenda huku na huku akifungua milango na kutoa kichwa nje. "Huu unatokea," ananiambia. "Na huu unatokea. Kweli, inapendeza."

Basi siku ikafika. Banda limejaa, muziki umekolea, mimi nimecheza katikati kabisa, Mjomba, mbali na kila mlango! Mama alikuwa kwenye meza ya heshima bado anaongea kupitia paka, ambaye amevaa utepe. Ndipo king'ora kikalia.

Kila mtu akaganda na kijiko hewani. Na nani akainuka juu ya kiti? Mama! "Mnangoja nini? Kushoto mtokee kushoto, kulia mtokee kulia! Shangazi, acha sahani! Nimesema iache, haitakimbia! Mwanangu kasomea mambo haya, mtaniaibisha!" Banda likawa tupu kabla hata sahani hazijaacha kutikisika. Wazimamoto, ambao wawili walikuwa wakicheza na marafiki wa bibi harusi, wakarukia gari, nalo likaondoka na maua ya harusi tuliyolipamba, na riboni, na makopo yaliyofungwa nyuma yakipiga kelele kuliko king'ora.

Lililowaka lilikuwa jalala nyuma ya soko, hakuna aliyeumia. Ila tulipohesabiana uani tukamkosa babu yake bwana harusi. Tukatafuta kila mahali. Gari liliporudi, huyo hapo juu, amevaa kofia ngumu ya zimamoto. Alikuwa amepanda mapema kutafuta pa kulala. Alishuka na masizi puani akasema mbele ya wote: "Bila mimi, lile soko lingekwisha." Amekataa kurudisha kofia mpaka leo.

Mama akanijia pale uani. Nikatazama paka alipo. Hakuwa naye. Akasema, mdomo wake mwenyewe: "Ile blauzi nimempa binti wa jirani. Imembana kidogo kifuani, lakini benki hawaangalii." Nikamkumbatia, akaniambia nisimkunje.

Kamanda alikwenda kwa Bwana Mataa jana, akapapasa, akagonga pua. Leo kanipa leseni. Akaniuliza, "Maneno machache hivi, nani kakufundisha?" Nikamwambia mjomba wangu, msahihishaji.

Na barua yako ya Mei imefika siku moja baada ya harusi! Nimemsomea Mama. Tulipofika kwenye "ugua" alijifunika uso na mto, mto ukawa unatikisika. Tulipofika kwenye picha akauweka mto chini. Kisha akasema, "Mwandikie kwamba nafasi ile haikuachwa kwa bahati mbaya. Mpiga picha alitaka tusogee. Mimi ndiye niliyekataa." Akaenda jikoni. Naandika kama alivyoagiza.

Mpwa wako, mtathmini (mwenye leseni!)

5 Julai

Mtathmini mwenye leseni,

Marahaba, na hongera, na hongera tena. Nimemtafsiria fundi cherehani barua yako, naye akamsimulia mwenye nyumba, naye ameisimulia upya kwa sauti kubwa kwa mtu wa posta, ambaye amejua hatimaye anachotuletea. Wote wanauliza habari za babu na kofia.

Barua yangu ya tarehe kumi na tisa Mei naomba uichome. Ichomee uani, mbali na ukuta, na uwe na ndoo ya maji. Kila neno lilikuwa mahali pake na barua nzima haikuwa. Katika kazi yangu makosa ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa yakinipita.

Mwambie mama yako nimepata ujumbe. Usiongeze neno, atajua.

Goti limeshindwa hoja. Jana nimekwenda dirishani kwa wakata tiketi, nikapanga foleni, nikasema jina la mji wetu kwa sauti. Yule binti aliniomba nilirudie, na nililirudia kwa furaha. Nafika katikati ya Septemba. Vitabu namwachia fundi, ambaye anadai atavisoma, na nimeshahakikisha kwamba haviko karibu na pasi yake.

Nina swali moja la kikazi. Hicho chumba mtakachonilaza, mlango wake uko upande gani wa kitanda? Si kwamba naogopa moto. Nimelala chumba kimoja miaka mingi, na mlango wa huku uko kushoto. Nataka nikiamka asubuhi ya kwanza, kabla sijafumbua macho, mkono uende upande wa kwenu.

Mjomba wako